Jifunze Kiitaliano: Uliza Kwanza, Kisha Usaidie

Wakazi wa Korogocho wamewazoea Waitaliano. Padri Alex Zanotelli, mmisionari wa Shirika la Komboni, aliishi nao kwa zaidi ya miaka 10. Kisha mwaka wa 2006 Kenya na Italia zilikubaliana kugeuza sehemu ya deni kuwa miradi ya maendeleo, na Korogocho ikanufaika kwa barabara.

Tuseme leo mgeni Mwitaliano ameshuka matatu pale Kariobangi, ana sanduku zito. Kijana mwenye nia njema analishika bila kusema neno. Mgeni analivuta, watu wanageuka, mmoja anapaza sauti: “Mwizi!” Sote tunajua neno hilo linavyoweza kumponza asiye na hatia. Sentensi moja ingemwokoa.

Kwa mtu mzima au usiyemjua: “Posso aiutarla?” (tamka: poso ayutarla), yaani, “Naweza kukusaidia?” Hutumika kwa mwanamume na mwanamke vilevile.

Kwa rafiki, mtoto au mtu wa rika lako mliyezoeana: “Posso aiutarti?” Kilichobadilika ni “la” kuwa “ti” tu, lakini heshima imebadilika. Ni kama sisi: mwenzako utamwambia, “Leta nikushikie,” ila mama mzee utamwambia, “Mama, naomba nikusaidie mzigo.” Ukiwa na shaka, tumia “la”.

Njia nyingine za heshima:

- “Ha bisogno di aiuto?” (a bizonyo di ayuto): Unahitaji msaada? Herufi “gn” ni “ny” yetu, na “h” haitamkwi.
- “Le porto la borsa?”: Nikubebee mfuko?
- “Posso darle una mano?” Neno kwa neno ni “Naweza kukupa mkono?” Usidhani ni salamu, mtu huyo anajitolea kukusaidia.

Sikiliza jibu. “Sì, grazie” (si, gratsie) ni “Ndiyo, asante.” Hapo shika mzigo, na akikushukuru tena jibu, “Prego,” yaani “Karibu.” Lakini akisema, “No, grazie, faccio da solo” (facho da solo), au “da sola” akiwa mwanamke, anamaanisha atajifanyia mwenyewe. Sema, “Va bene,” yaani “Sawa,” kisha rudi nyuma hatua moja. Usimbembeleze. Mgeni aliyekataa msaada hajakutukana.

Zoezi: Mwitaliano wa umri wa nyanya yako anapanda ngazi za zahanati akiwa na mfuko. Utamwambia nini? Naye akikataa?

Majibu: “Le porto la borsa?” au “Posso aiutarla?” Akikataa: “Va bene.”

Fanyeni mazoezi wawili wawili nyumbani, mmoja akiwa mgeni. Mikono isiguse mzigo kabla ya kusikia “sì”.