Tupime, Tusikisie

Baada ya kuwashibisha watu elfu tano, Bwana wetu aliwaagiza mitume wakusanye makombo yaliyosalia, yasipotee. Vikajaa vikapu 12. Makombo hayo yalikusanywa, tena yakahesabiwa. Sisi je, katika shule na parokia zetu, twajua tunachokitupa?

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Chakula kinachooza shimoni pasipo hewa hutoa methani, ambayo kwa muda wa miaka 100 hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Nayo mashine ya kuvutia maji, kwa kila lita ya dizeli inayochoma, hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa.

Tuseme shule ya bweni ina watoto 300. Kwa siku saba makombo yapimwe kwenye mizani kila jioni, mbali na karatasi, plastiki na majivu. Yakiwa kilo 210 kwa juma, ni kilo 30 kwa siku. Na kwa muhula wa siku 90, kilo 2,700. Lakini juma la sikukuu lipimwe peke yake, wala siku za likizo zisihesabiwe.

Kwa maji, mita isomwe Jumatatu mbili mfululizo. Ikiongezeka kwa mita za ujazo 84, ni lita 84,000, yaani lita 40 kwa kila mtoto kwa siku. Pasipo mita, zihesabiwe ndoo za lita 20. Tena mita isomwe usiku, bomba zote zikiisha kufungwa, na asubuhi kabla ya kufunguliwa: ikiwa imesogea, maji yanavuja, na ada za wazazi zavuja pamoja nayo.

Hili ni kadirio tu, wala si aibu, mradi iandikwe jinsi lilivyopatikana. Aibu ni kupunguza hesabu ili tusifiwe. Mtu hawezi kuungama vema asipochunguza kwanza dhamiri yake; kadhalika shule haitajirekebisha isipojua kosa lake. Basi wazazi, mkutanikapo na walimu, ulizeni daftari ya vipimo iko wapi. Kama haipo, na ianzishwe Jumatatu ijayo.