Nyama ya Sambusa

Sambusa unaifahamu. Umeila sokoni, harusini au wakati wa kufuturu. Mnunuzi huona ganda tu, lakini sambusa nyingi huharibikia ndani, kwenye nyama. Katika somo hili tutasoma jinsi ya kupika nyama ya kusaga ya kutia ndani ya sambusa. Nyama hiyo iwe imekolea viungo, tena iwe kavu. Neno hilo "kavu" tutalirudia mara nyingi.

Mwaka mmoja nilikuwa mwalimu wa darasa la kisomo kijijini. Akina mama wa darasa letu walichanga fedha ili wauze sambusa siku ya mnada. Walinunua nyama kilo 2. Waliikaanga kwa mafuta mengi, wakatia nyanya, vitunguu na chumvi tangu mwanzo. Ilinukia vizuri, nami nilikuwa wa kwanza kuionja. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, waliifunga ingali ya moto. Sambusa zilipoingia katika mafuta zilianza kupasuka. Maji ya nyama yakamwagika, mafuta yakaruka, na mama mmoja akaungua mkono. Jioni tulihesabu zilizopasuka: zilikuwa 37. Mchango wote ukapotea.

Kosa lilikuwa nini? Lilikuwa maji. Maji yakikutana na mafuta ya moto hugeuka mvuke kwa ghafla. Mvuke hutafuta njia ya kutoka, nao hupasua ganda. Nyanya ina maji mengi. Kitunguu nacho kina maji, na chumvi huyatoa nje. Jaribu mwenyewe: katakata kitunguu, kinyunyizie chumvi, kisha ngoja kidogo. Utaona maji kwenye sahani.

Basi tuanze na kununua. Nunua nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, asubuhi ile ile utakayopika. Nunua kwa mchinjaji ambaye nyama yake imekaguliwa na kupigwa muhuri. Usikubali nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, hata ikiwa ya bure. Ugonjwa wa kimeta hupatikana kwa njia hiyo, nao huua watu.

Nyama ya kusaga inataka uangalifu kuliko nyama ya vipande. Katika kipande, vijidudu vingi hukaa juu, na moto huvifikia upesi. Nyama ikisagwa, vya juu huingia ndani. Kwa hiyo osha mashine ya kusagia kwa maji ya moto na sabuni kabla na baada ya kazi, na utoe mabaki yote yaliyonasa. Kama huna mashine, katakata nyama kwa kisu kikali mpaka iwe laini. Kazi ni ndefu kidogo, lakini nyama huwa nzuri sana.

Kwa kilo 1 ya nyama utahitaji vitunguu maji nusu kilo, vitunguu saumu chembe 6, tangawizi mbichi kipande cha urefu wa kidole gumba, chumvi kijiko 1 cha chai na nusu, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko, ndimu 1, na fungu 1 la majani ya giligilani. Pilipili kali ni hiari. Ukiwauzia na watoto, iache.

Twanga vitunguu saumu na tangawizi pamoja. Weka nyama katika sufuria bila mafuta na bila maji, kwa sababu nyama ina maji na mafuta yake. Tia ulivyotwanga, chumvi, na maji ya ndimu. Bandika kwenye moto wa wastani. Usifunike, maana mvuke ukigonga kifuniko hurudi chini kuwa maji. Vunjavunja mabonge kwa mwiko. Kwanza nyama itatoa maji mengi, usiogope. Endelea kukoroga mpaka maji yakauke na wekundu uishe kabisa, hata ndani ya mabonge madogo. Kisha tia bizari na pilipili manga, ukoroge kwa dakika 2 au 3.

Umejuaje kuwa imekauka? Pitisha mwiko katikati ya sufuria hadi chini. Njia ya mwiko ikibaki kavu, epua. Maji yakirudi, ngoja. Mafuta yakituama, inamisha sufuria uyateke kwa kijiko.

Vitunguu maji huja mwisho. Vikatekate vidogo sana, uvifunge katika kitambaa safi na kuvikamua kwa nguvu. Baada ya kuepua, changanya vitunguu na giligilani iliyokatwa katika nyama ingali ya moto. Joto hilo latosha kuvilainisha.

Mapishi haya si mageni. Ibn Batuta, msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliikuta sambusa baadaye huko India. Aliandika kuwa ilikuwa nyama iliyosagwa na kupikwa pamoja na lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Lozi hatuna, lakini vitunguu tunavyo.

Sasa tandaza nyama kwenye sinia pana, uifunike kwa kawa ili nzi wasitue. Ikipoa, ifunge na uikaange mara moja. Usiiache kwa zaidi ya saa 2, kwa sababu vijidudu huzaliana upesi katika chakula cha uvuguvugu.

Je, nyama ikibaki mpaka kesho? Katika darasa letu swali hili lilileta ubishi mkubwa. Mama mmoja alisema ataipasha moto tu. Namwelewa, maana kumwaga nyama kunauma. Lakini vijidudu vingine huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Kama huna jokofu, iliyobaki ipelekwe mezani siku ile ile, iliwe na ugali. Afadhali upike kidogo, uzikose sambusa 10 za kuuza, kuliko kuwaugua wateja wako.

Mwisho tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano. Andika za sokoni kwenu. Nyama kilo 1 ni shilingi 10,000, vitunguu na viungo 2,500, unga 2,000, mafuta 4,000, mkaa 1,500. Jumla ni shilingi 20,000. Ukitia kijiko kimoja cha chakula katika kila sambusa, utapata karibu sambusa 50. Ukiuza kila moja shilingi 500, utapata 25,000. Faida ni 5,000. Zikipasuka 10, utauza 40 na kupata shilingi 20,000. Umefanya kazi kutwa bila faida.

Maswali

1. Kwa nini vitunguu maji havitiwi mwanzoni?
2. Utajuaje kwa mwiko kwamba nyama imekauka?
3. Kwa nini kupasha moto nyama iliyolala hakutoshi?
4. Sambusa 4 zikipasuka kati ya 50, faida itakuwa shilingi ngapi? Andika hesabu yako katika daftari.