Skapulari ya Bakanja

Isidori Bakanja alikuwa fundi wa kujenga nyumba. Alibatizwa mwaka 1906 huko Mbandaka, katika Kongo. Alivaa skapulari ya Bikira Maria shingoni, iwe alama ya Ukristo wake, akafundisha wenzake sala.

Baadaye alifanya kazi huko Ikili. Mzungu msimamizi alichukia dini, akamwamuru aivue. Bakanja akakataa. Mwaka 1909 Mzungu akaamuru apigwe kwa mjeledi wenye misumari. Mgongo ukajaa vidonda, vikaoza.

Aliumwa miezi mingi. Mapadre walipomwomba amsamehe yule Mzungu, akajibu kwamba amekwisha kumsamehe, na mbinguni atamwombea. Akafa tarehe 15 Agosti 1909. Mwaka 1994 Papa alimtangaza Mwenye heri.

Maulizo:
1. Kwa nini Bakanja hakuvua skapulari?
2. Lipi ni gumu zaidi: kuvumilia fimbo, au kumsamehe aliyekupiga?