Kuozesha Matawi ya Ua wa Msaiprasi

Katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, nyumba na shule nyingi zimezungushiwa ua wa msaiprasi, mti wa jamii moja na mtarakwa. Asili ya mti huu, ambao wanasayansi huuita Cupressus lusitanica, ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kila ua unapopunguzwa hubaki matawi mengi mabichi. Aghalabu huchomwa moto, kwa imani kwamba hayaozi na kwamba yana sumu ya kuharibu shamba. Katika somo hili tutaona kuwa matawi hayo huoza, ila yanahitaji kusaidiwa.

Sababu za kuchelewa kuoza

Kuoza ni kazi ya viumbe hai vidogo sana, hasa bakteria na kuvu. Viumbe hivyo hutumia kaboni ili kupata nguvu, na naitrojeni ili kujenga miili yao. Jani la msaiprasi ni dogo mithili ya gamba la samaki. Limefunikwa na nta isiyopitisha maji kwa urahisi, na ndani yake mna utomvu wenye harufu kali ambao hudhoofisha baadhi ya viumbe hivyo. Vijiti navyo vina lignini, dutu inayoupa mti ugumu. Zaidi ya hayo, naitrojeni iliyomo ni kidogo ikilinganishwa na kaboni.

Upungufu huo huchangia sana imani ya sumu. Mkulima akifukia matawi mabichi shambani, bakteria huchukua naitrojeni ya udongo ili kuyaozesha, na mahindi yaliyo karibu hugeuka manjano kwa njaa. Naitrojeni hiyo imekopwa tu. Sehemu kubwa hurudi udongoni viumbe hivyo vinapokufa. Lakini matawi yakichomwa, karibu naitrojeni yake yote hupaa pamoja na moshi, na majivu hubakiza madini kama potasiamu na kalsiamu.

Hesabu ya mchanganyiko

Rundo huoza vizuri likiwa na takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Tuchukue mfano. Tuseme kilo 100 za matawi makavu zina kaboni kilo 48 na naitrojeni kilo 0.8, yaani 60 kwa 1. Na kilo 100 za samadi kavu ya ng'ombe zina kaboni kilo 40 na naitrojeni kilo 2, yaani 20 kwa 1. Tukizichanganya tunapata kaboni kilo 88 na naitrojeni kilo 2.8, yaani karibu 31 kwa 1. Mwanafunzi aangalie kwamba jibu si 40, ambayo ni wastani wa 60 na 20. Aeleze kwa nini.

Kutengeneza rundo

1. Katakata vijiti kwa panga, vipande visizidi sentimita 5. Matawi manene kuliko kidole gumba yatengwe yawe kuni.

2. Panga tabaka la vipande, kisha la samadi au majani mabichi, kisha udongo kidogo, hadi rundo lifikie mita 1 kwa urefu, upana na kimo. Rundo dogo hupoteza joto.

3. Nyunyizia maji kiasi kwamba konzi moja ikikamuliwa itoe matone machache tu.

4. Geuza rundo kila baada ya wiki 2 ili hewa ipenye. Joto la katikati laweza kufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi.

Mboji huiva kwa miezi kadhaa, pengine hata mwaka. Ikiiva huwa nyeusi na hunukia udongo. Hofu kwamba itautia udongo uchachu haina msingi mkubwa, kwani mboji iliyoiva kwa kawaida hukaribia hali ya kati, baina ya asidi na besi.

Jaribio

Toboa madebe matatu kwenye kitako. Debe A litiwe vijiti vizima, B vijiti vilivyokatwakatwa, na C vilivyokatwakatwa na kuchanganywa na samadi. Yote yajazwe kimo kimoja na kutiwa maji sawasawa. Kila wiki pima kwa rula jinsi kila debe lilivyodidimia, na uchore grafu.

Maswali: Tofauti ya A na B yaonyesha nini? Na tofauti ya B na C je?