Kutwa na Kucha: Ratiba ya Nuru kwa Mimea Ilayo Wadudu Ikuzwayo Nyumbani

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia swali ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halina makao katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili: mkuzaji aliyeweka mimea ilayo wadudu ndani ya nyumba aiwashie taa kwa saa ngapi, na aizime lini? Tunalileta hapa kwa sababu mbili. Kwanza, maelezo mengi kuhusu mimea hii yameandikwa kwa ajili ya wakuzaji wa Ulaya na Marekani. Mtu wa Nairobi au Eldoret anayeyafuata neno kwa neno anaweza kuua mmea huku akidhani anaulea. Pili, lugha yetu ina msamiati wa nuru na giza uliozaliwa karibu na ikweta, na msamiati huo unaifaa mada hii kuliko inavyodhaniwa.

Tutatumia neno kutwa kwa maana ya kipindi ambacho mmea unapata nuru katika saa 24, na kucha kwa maana ya kipindi cha giza. Maneno haya yanatokana na vitenzi -chwa na -cha. Mchana kutwa ni mchana hadi jua linapokuchwa. Usiku kucha ni usiku hadi kunapokucha. Yamkini wako watakaopendelea neno la kukopa, fotoperiodi. Hatuna ugomvi nao, ila hatuoni haja ya kuomba chumvi kwa jirani ilhali ya kwetu imo jikoni.

Nuru kama chakula

Mmea ulao wadudu hauwali ili kupata nguvu. Jambo hili hukosewa mara nyingi, hata na waliosoma. Nguvu zake, sawa na za mhindi au mkunde, hutokana na usanisinuru. Mdudu huuongezea nitrojeni na fosforasi, ambazo ni haba katika udongo wa kinamasi unakoota. Mnamo mwaka 1984, Thomas Givnish na wenzake walitoa hoja kwamba mtego ni gharama. Jani lililogeuzwa mtego hufanya usanisinuru hafifu kuliko jani la kawaida, na kwa hivyo gharama hiyo hulipa tu mahali penye jua tele, maji tele na udongo maskini. Hoja hii ina natija kwa mkuzaji wa ndani. Mnepenthe uliowekwa pembeni mwa sebule yenye giza huendelea kutoa majani, lakini magudulia yake ya kunasia wadudu hayatokei. Watu husema mmea huo ni mgonjwa. Kwa hakika umepiga hesabu, ukaona mtego ni hasara.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nuru inayoifaa mimea hupimwa kwa mikromoli za chembe za nuru zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde. Jua kali la adhuhuri hukaribia mikromoli 2,000. Chukua taa inayoufikishia mmea mikromoli 200 pekee. Ikiwashwa kwa saa 14, yaani sekunde 50,400, mmea utapata takriban moli 10 kwa siku. Sasa chukua taa iliyo nusu ya hiyo, ya mikromoli 100. Ili mmea upate moli zile zile 10, taa hiyo ingehitaji kuwaka kwa saa 28 kila siku, na siku ya namna hiyo haijaumbwa. Hivi ni kusema kwamba kurefusha kutwa huweza kufidia upungufu mdogo wa nuru. Hakuwezi kufidia taa dhaifu. Mwenye taa dhaifu na aisogeze karibu na majani au aongeze ya pili, badala ya kuiacha iwake usiku kucha.

Nuru kama habari

Lau nuru ingekuwa chakula tu, ratiba ingekwisha kwa kuzidisha na kugawanya. Mwaka 1920, W. W. Garner na H. A. Allard wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walichapisha utafiti wao kuhusu tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, ambayo wakati wa kiangazi ilirefuka pasipo kutoa maua. Walipoiingiza gizani mapema kila siku ili kuifupishia kutwa, ilichanua. Mmea haukuwa na njaa; ulikuwa unangoja habari. Mnamo 1938 Karl Hamner na James Bonner waliongeza jambo la ajabu zaidi: katika mmea waliouchunguza, kilichopimwa hasa kilikuwa urefu wa kucha, wala si wa kutwa. Nuru ya muda mfupi tu katikati ya usiku mrefu ilitosha kuuharibu usiku huo, mmea ukauona kama usiku mfupi. Leo twajua kwamba kipokezi kimoja cha habari hizi ni fitokromu, kemikali ya rangi iliyomo mmeani, ambayo nuru nyekundu ya takriban nanomita 660 huigeuza kuwa katika umbo tendaji, na ambayo gizani hurejea polepole katika umbo lake la kwanza.

Kwa mintarafu hii, mwenye kuweka mmea sebuleni ambamo taa ya dari huwashwa na kuzimwa hadi usiku wa manane asidhani kuwa ratiba yake ni ile aliyoiandika kwenye taima. Mmea husoma taa zote.

Saa ya Kiswahili na mchana wa ikweta

Nairobi iko kwenye latitudo ya digrii 1 na ushei kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka mzima mjini humo haifiki dakika kumi. (Jua hutangulia au huchelewa kuchomoza kwa takriban nusu saa kati ya mwezi mmoja na mwingine, lakini huchelewa au hutangulia kuchwa vivyo hivyo, basi urefu wa mchana haubadiliki.) Ni hali hii ya mchana usiobadilika iliyoiwezesha saa ya Kiswahili kuwa jinsi ilivyo. Tunahesabu kuanzia maawio. Tukisema saa tano asubuhi, tumesema pia kwamba nuru imekuwako kwa takriban saa tano. Mfumo huo ungemtatiza vibaya mtu wa London, ambako jua la Desemba huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi jioni.

Hali kadhalika, majira yetu ya masika, kipupwe, vuli na kaskazi yametajwa kwa mvua, ubaridi na upepo. Hakuna hata moja lililotajwa kwa kurefuka kwa mchana, kwa kuwa mchana haurefuki. Jambo hili si upungufu wa lugha. Hata hivyo, ndilo linalomfanya mkuzaji wa hapa asifikirie kabisa habari ambayo mmea wa ugenini unaingoja.

Mtega-nzi jijini Nairobi

Mmea wa ugenini unaopendwa kuliko yote ni Dionaea muscipula, ambao hapa tutauita mtega-nzi. (Muscipula kwa Kilatini ni mtego wa panya, sisi tuliofunzwa kwamba mtego wa panya hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo hatuna budi kutabasamu.) Gavana Arthur Dobbs wa North Carolina aliutaja katika barua ya mwaka 1759, na Charles Darwin aliupa nafasi kubwa katika kitabu chake cha 1875 kuhusu mimea ilayo wadudu. Kwa asili huota katika majimbo ya North Carolina na South Carolina pekee, kwenye eneo dogo karibu na pwani. Huko, kwenye latitudo ya digrii 34 hivi kaskazini, mchana wa Juni ni takriban saa 14 na nusu na wa Desemba ni takriban saa 10. Kutwa inapofupika na baridi kuingia, mmea hupunguza majani, hutoa mitego midogo iliyolala chini, na kupumzika kwa miezi mitatu au minne.

Mtega-nzi ulioletwa Nairobi hukuta kutwa ya saa 12 isiyokwisha. Si kiangazi, si majira ya baridi. Mara nyingi hupendeza mwaka wa kwanza, hudhoofika wa pili, kisha hufa, na mwenyewe hulaumu maji. Kweli maji yana lawama yake, kwa maana mmea huu hutaka ya mvua au yaliyotoneshwa, lakini hata aliyeupa maji safi huweza kuupoteza kwa kuunyima pumziko. Hasara hiyo si ya mkuzaji pekee. Kila mmea unaokufa hununuliwa mwingine, na wizi wa mitega-nzi porini ulikithiri hata North Carolina ikaufanya kosa kubwa la jinai kuanzia Desemba 2014.

Mkuzaji afanyeje? Hapa ndipo ushauri wa ugenini unapopotosha. Huko huambiwa aweke mmea dirishani, jua lenyewe lifupishe siku. Dirisha la Nairobi halifupishi chochote. Aidha, taa inaweza kuongeza nuru juu ya jua lakini haiwezi kuliondoa jua: ukizima taa saa kumi jioni ilhali pazia li wazi, mmea utaendelea kupata nuru hadi magharibi. Kurefusha kutwa ni rahisi popote. Kuifupisha kunahitaji kabati, sanduku au chumba kisichopenywa na nuru ya nje. Asiyekuwa na mahali hapo asijisumbue na taima ya majira.

Mwenye mahali hapo anaweza kuchagua majira apendayo, maana mmea haujui majina ya miezi. Si lazima baridi yake iwe Desemba, mwezi wa joto kwetu. Ni afadhali pumziko liangukie Juni, Julai na Agosti, wakati ambapo Nairobi na nyanda za juu huwa na ubaridi wa bure. Kutoka Novemba hadi Machi taa iwake kwa saa 14 na nusu, mathalani kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili na nusu usiku. Kuanzia Aprili ipunguzwe kwa nusu saa kila juma. Baada ya majuma tisa itakuwa imefika saa 10: kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ibaki hapo hadi mwisho wa Agosti, kisha irudishwe kwa mwendo ule ule.

Lakini kutwa fupi pasi baridi ni nusu ya habari. Pumziko jema hutaka nyuzi chini ya 10 za Selsiasi, na usiku wa Julai jijini Nairobi kwa kawaida hauziteremki hizo. Wakazi wa Limuru au Nyandarua wamejaliwa zaidi. Kwa wengine, na hasa wa Mombasa na Kisumu, kuna jokofu: mmea uliokwisha kusinyaa kwa kufupishiwa kutwa hung'olewa, mizizi ikafungwa kwa kuvumwani chenye unyevu, ukatiwa katika mfuko wa plastiki na kuwekwa penye nyuzi 4 hivi. Humo hauhitaji taa. Wapo watakaocheka kuona mmea kando ya sukumawiki, waacheni wacheke.

Mimea isiyodai majira

Si kila mmea wa jamii hii una masharti hayo, na anayeanza angefanya vyema kuuacha mtega-nzi kwanza. Drosera capensis ya Rasi ya Afrika Kusini, yenye majani membamba yenye matone ya ulimbo kama umande, hustawi kwa kutwa ya saa 12 hadi 16 mwaka mzima bila pumziko. Minepenthe ya Borneo, Sumatra na Ufilipino, na jamaa zao wa karibu nasi walioko Madagaska na Shelisheli, imezaliwa katika nchi za tropiki. Iliyo ya karibu na ikweta huzijua saa 12 kama tuzijuavyo sisi. Huifaa kuwashiwa kwa saa 12 hadi 14, na mwenye dirisha lenye nuru anahitaji taa ya kujazia tu.

Taima, stima na majani

Ratiba isiachiwe mkono wa mtu. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques de Mairan aliuweka mmea wa namna ya kifauwongo gizani, akaona majani yakiendelea kufunguka na kufumba kwa nyakati zake. Mimea ina saa ndani yake, na kuwasha leo saa moja, kesho saa tatu, ni kuivuruga. Taima ya kuchomeka kwenye soketi inatosha. Ile ya gurudumu ni ya bei nafuu, lakini stima ikipotea nayo husimama. Baada ya saa tatu za giza, ratiba nzima imesogea saa tatu mbele hadi mtu airekebishe. Yenye betri ndani haina udhia huo. Na mwenye kuiseti akumbuke kuwa 06:00 ya taima ni saa kumi na mbili yetu, wala si saa sita.

Kuhusu gharama, taa za LED za wati 40 zikiwaka saa 14 kwa siku hutumia takriban uniti 17 kwa mwezi. Kila mmoja ajipigie hesabu kwa bei ya tokeni anayoijua.

Kinachobaki ni kuyasoma majani. Mtega-nzi wa aina ya kawaida ukipata nuru ya kutosha huwa mwekundu ndani ya mitego. Mitego ikibaki kijani na vikonyo vikirefuka na kulegea, nuru ni haba. Drosera ikikosa matone huku udongo una maji na hewa ina unyevu, taa isogezwe karibu. Majani yakikauka ncha au kubabuka upande ulioelekea taa, iinuliwe sentimita chache, kisha asubiriwe jani jipya kabla ya kugusa chochote tena, kwa sababu jani la zamani halitabadilika.