Zoezi la Ufahamu: Kome na Maji Anamoishi

Mtahiniwa, soma kifungu hiki mara mbili kabla ya kujibu maswali. Mara ya kwanza tafuta wazo kuu. Mara ya pili tafuta sababu na matokeo.

Kifungu

Kome ni mnyama wa majini asiye na uti wa mgongo. Mwili wake laini umehifadhiwa ndani ya magamba mawili yaliyoungana upande mmoja, mfano wa bawaba. Hata kama unaishi Mlandege, Iringa, mbali na bahari, usimwone kuwa mgeni: wapo kome wa maji baridi, wakiwemo wa Ziwa Nyasa.

Kome hafukuzi mawindo. Huvuta maji ndani, matamvua yake yakanasa vijimea na chembe za chakula, kisha maji hutoka yakiwa safi zaidi. Hivyo hula na kusafisha maji kwa wakati mmoja.

Binadamu naye humla. Katika pwani ya Unguja, wanawake huokota chaza na jamii nyingine za kome maji yanapopwa, kwa kitoweo na kwa kuuza. Nyama yake ina protini na madini ya chuma.

Hata hivyo, tabia hiyohiyo huleta hatari. Maji yakichafuka, kome hunasa pia vijidudu vya kinyesi, zebaki na sumu ya baadhi ya mwani. Kumpika vizuri huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki wala sumu ya mwani. Usalama wa kitoweo hiki huanzia majini, si jikoni.

Maswali

1. Eleza maana ya "maji yanapopwa".
2. Kwa nini kome anayesafisha maji anaweza kumdhuru mlaji?
3. "Kome aliyechemshwa sana ni salama daima." Kanusha kauli hii.

Majibu

1. Maji ya bahari yanaporudi nyuma na kuacha ufuko wazi.
2. Uchafu anaouchuja hubaki mwilini mwake, nao humfikia anayemla.
3. Si kweli. Moto huua vijidudu, bali zebaki na sumu ya mwani hubaki.

Zingatia

Katika swali la 2, watahiniwa wengi huandika "kwa sababu maji ni machafu" na kuishia hapo. Hilo ni nusu ya jibu. Onyesha jinsi uchafu unavyotoka majini, ukaingia mwilini mwa kome, hadi kumfikia mlaji. Neno "kwa nini" hudai mfuatano huo wote.