SOMO: CHAI YA SAMADI KWA BUSTANI YETU



Leo tutajifunza kutengeneza mbolea ya maji. Wengine huiita chai ya samadi, kwa sababu samadi hulowekwa kama majani ya chai, na maji yake ndiyo hulisha mimea. Mbolea ya dukani ni ghali, na samadi tunayo zizini. Lakini kazi hii ina utaratibu wake. Sisi tuliupuuza, tukapata hasara.

HASARA YETU

Kikundi chetu cha kisomo kilipanda matuta matano ya sukumawiki. Tulitaka kuuza mboga ili tununue madaftari ya watoto. Tukaloweka samadi katika pipa, lakini hatukuandika siku tuliyoanza. Baadaye mmoja wetu akasema siku zimetimia. Mwingine akasema bado. Tukabishana weee, mwisho tukasema, "Aa, mbolea ni mbolea tu!" Tukachota, tukamwagia miche bila kuongeza maji.

Baada ya siku chache majani yakaanza kukauka pembeni. Matuta mawili yakafa yote.

Mama mmoja akatuambia, "Mwalimu, hata mtoto mchanga hapewi uji mzito." Alisema kweli. Chai ya samadi iliyo kali ina chumvichumvi nyingi. Chumvi hiyo huzuia mizizi kunywa maji. Mmea hukauka ingawa udongo umelowa.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Chukua pipa la lita 200. Liweke kivulini.
2. Tia madebe 2 ya samadi ya ng'ombe au mbuzi katika gunia. Funga mdomo wa gunia kwa kamba.
3. Laza mti imara juu ya pipa. Ning'iniza gunia hapo, liingie ndani ya pipa.
4. Tia maji madebe 7. Funika pipa. Ukiliacha wazi, chakula cha mimea kiitwacho naitrojeni hupotea hewani. Tena mtoto anaweza kutumbukia.
5. ANDIKA TAREHE katika daftari.
6. Kila baada ya siku 3, tikisa gunia na koroga maji.
7. Baada ya wiki 2 hadi 3, toa gunia. Makapi yake yatupe katika shimo la mboji.

Usiye na mifugo, usikate tamaa. Tumia majani na matawi laini ya alizeti mwitu, ule mmea wa maua ya njano unaoota kando ya njia. Yana naitrojeni nyingi. Yakatekate, kisha fuata utaratibu huo huo.

JINSI YA KUTUMIA

Chota debe 1 la chai, ongeza madebe 2 ya maji. Rangi iwe kama ya chai isiyokolea. Ikiwa bado nyeusi, ongeza maji. Jaribu kwanza kwenye miche miwili au mitatu. Ngoja siku chache. Ikiwa haikuungua, endelea.

Mwagia udongo ulio na unyevu, asubuhi au jioni. Mwagia kandokando ya shina, si juu ya majani. Rudia baada ya wiki 2 au 3.

TAHADHARI

Samadi ina vijidudu vya kuharisha. Usimwagie mboga zinazoliwa mbichi. Usitumie kinyesi cha mtu, mbwa wala nguruwe. Nawa mikono kwa sabuni.

Kumbuka pia kwamba chai hii hulisha mmea upesi, lakini haijengi udongo. Mboji bado tunaihitaji.

Mara ya pili tuliandika kila kitu: siku ya kuloweka, siku za kukoroga, na madebe ya maji. Hakuna aliyebishana, kwa kuwa daftari lilisema. Sukumawiki ikastawi, tukauza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kusoma na kuandika si kwa barua tu, hata pipa la mbolea lina haja nako.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini miche yetu ilikauka?
2. Kwa nini pipa lifunikwe?
3. Ukiloweka samadi tarehe 4, utaanza kuitumia tarehe ngapi? Andika jibu katika daftari lako.